Wachezaji wa akiba walioshuka kiwango: tuwauze dirisha hili, au tuwape mechi kwanza?

Mkazi wa Mabatini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Mwanza.

Dirisha la usajili likikaribia, vijiwe vya hapa mjini vinakuwa na wimbo mmoja. Ukipita Mwaloni, ukisimama stendi ya Nyegezi, ukikaa kwa kinyozi Buzuruga, utasikia: benchi letu bovu, wale jamaa wauzwe wote, tulete sura mpya. Mimi ni shabiki wa Pamba Jiji, mapenzi ya hii timu tunayoiita TP Lindanda nimeyarithi kwa mzee wangu, kwa hiyo najua hasira hii inatoka wapi. Timu iliyokuwa bingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1990 ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi msimu wa 2024/25. Hakuna anayetaka kuiona inashuka tena. Ndiyo maana mtu akiingia dakika ya 70 akapoteza mipira miwili mfululizo, jukwaa zima la uwanja wetu wa Kirumba linainuka.

Msimamo wangu ni huu: klabu isimuuze wala kumwacha mchezaji wa akiba ambaye haijampima. Na kwa jinsi timu za Kanda ya Ziwa zinavyoendeshwa, wengi tunaosema wameshuka kiwango hawajawahi kupimwa.

Hebu tazameni wiki ya mchezaji anayesugua benchi. Mechi imechezwa Jumamosi. Jumapili walioanza wanapewa mazoezi mepesi, wanakimbia taratibu, wananyoosha misuli. Yeye na wenzake ambao hawakucheza wanakimbizwa hasa, kwa sababu miili yao haikupata zile dakika tisini. Katikati ya wiki anavalishwa bibu, anaingizwa kwenye kikosi cha kuigiza mpinzani. Kama tunakutana na timu inayokaa nyuma, kazi yake ni kukaa nyuma. Winga anageuzwa beki ili winga wa kikosi cha kwanza apate mtu wa kumpita. Anamaliza wiki nzima hajagusa majukumu yake mwenyewe. Siku ya mechi anapasha misuli nyuma ya goli, anarudi kukaa, anaambiwa apashe tena, anarudi kukaa. Anaitwa dakika ya 80, timu iko nyuma mabao mawili, wenzake wamechoka na mpinzani amejaza watu kumi ndani ya boksi lake. Zikiisha zile dakika kumi, tunatoka uwanjani tunasema kaboronga.

Ligi ya vijana chini ya miaka 20 ipo, lakini kijana wa miaka 24 haimhusu. Ligi ya wachezaji wa akiba hatuna. Akienda kucheza ndondo mtaani ili apate pumzi, anaambiwa anavunja mkataba, na akiumia huko hakuna wa kumtibu. Sasa mechi za ushindani azipate wapi?

Nawakumbusha jambo la mwaka 2023. Aishi Manula aliumia, na aliyeishia kusimama golini kwa Simba ni Ally Salim, kijana ambaye mashabiki wengi walikuwa hawajawahi kumwona kwenye mechi kubwa. Aprili 16 akasimama dhidi ya Yanga, Simba ikashinda 2-0. Akasimama robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad, Simba ikashinda 1-0 nyumbani na ikatolewa kwa penalti kule Casablanca. Agosti 13 mwaka huohuo, pale Mkwakwani Tanga, akapangua penalti tatu za Yanga na Ngao ya Jamii ikaenda Msimbazi kwa Simba. Kama Simba wangeamua mwaka mmoja kabla kwamba kipa asiyecheza ni mzigo, wangesimamisha nani?

Tena benchi la leo lina kazi kubwa kuliko la zamani. Tangu 2020 mabadiliko yameongezwa kutoka watatu hadi watano, na 2022 ikawa sheria ya kudumu. Maana yake, ukimtoa kipa, nusu ya wachezaji walio uwanjani wanaweza kubadilika kabla mechi haijaisha. Ongeza na jiografia yetu. Ligi ina timu 16, mechi 30, na timu ya Mwanza ikitoka kwenda Ruangwa kucheza na Namungo inakatiza nchi nzima, kutoka ziwani hadi karibu na bahari. Ukirudi, unacheza tena baada ya siku chache. Kikosi cha watu kumi na moja hakimalizi msimu huo.

Halafu kuna hili neno "tuwauze". Wakuu, nani ananunua? Timu nyingi huku zinasaini mkataba wa mwaka mmoja, ukizidi sana miwili. Ikifika Juni mkataba umeisha, mchezaji anaondoka bure, klabu haipati hata shilingi. Tunachokiita kuuza ni kutema, na ukimtema katikati ya mkataba unamlipa wewe ili aondoke. Kisha unatafuta mwingine, unampa hela ya usajili, unampangia nyumba, na yeye naye anakuja kukaa kwenye benchi lilelile.

Wa kuondoka wapo, silikatai hilo. Aliyepewa mechi za kutosha na hakuonyesha kitu, aende. Aliyeomba mwenyewe kuondoka, aende. Anayechelewa mazoezini na kuvuruga wenzake, aende hata kesho. Kelele yangu ni kwa ajili ya yule ambaye hatujui ana nini, na tunataka kumwondoa kabla hatujajua.

Karibuni tujadili kwa hoja.

Sangara wa Mwaloni

Mkuu umeandika vizuri ila sikubaliani nawe.

Pamba Jiji ni timu ya Halmashauri ya Jiji. Mimi nafanya biashara ya samaki, ushuru natoa, kwa hiyo mshahara wa yule anayekaa benchi msimu mzima kuna senti yangu ndani yake. Nina haki ya kuuliza amefanya nini. Ukiwa na wachezaji wanne wa akiba ambao hakuna kocha anayewaamini, jumlisha mishahara yao, posho zao, malazi yao. Hiyo hela inaleta namba tisa mmoja wa maana anayejua goli lilipo. Timu zetu hazishuki kwa kukosa watu wengi, zinashuka kwa kukosa mtu wa kufunga.

Na huyo Ally Salim umemtoa kwa sababu alifanikiwa. Wale makipa wa akiba walioingia wakaachia mabao ya kizembe hawaandikwi na mtu. Halafu kipa ni habari nyingine kabisa. Kipa anasubiri kwa sababu nafasi ni moja. Winga ana dakika za kuingia karibu kila mechi, na kama kwenye hizo zote hajapiga hata krosi moja ya maana, unangoja nini tena?

Mchezaji ana bei leo. Akikaa misimu miwili bila kucheza, bei yake imekwisha kama sato aliyelala bila barafu. Ndiyo maana nasema uza mapema, hata kwa bei ya chini, kuliko kungoja Juni aondoke bure. Wewe mwenyewe umelalamika kwamba wanaondoka bure, sasa dawa yake si ndiyo hiyo?

Kocha wa Mtaa

Nimefundisha timu za ligi ya mkoa hapa Ilemela kwa muda mrefu, niseme kidogo upande wa benchi la ufundi.

Sangara anauliza unangoja nini. Mimi nangoja mechi tatu. Ukimwanzisha mchezaji ambaye amekaa muda mrefu, mechi ya kwanza unachokiona ni pumzi. Dakika ya 55 miguu imeisha, anaanza kucheza mpira mrefu ili apumzike. Mechi ya pili unaona woga, anapasia mtu wa karibu kila mara kwa sababu hataki kuzomewa. Ya tatu ndipo unaanza kumwona mwenyewe. Sasa makocha wengi wanampa mechi moja ya Kombe la Shirikisho, anacheza vibaya, anarudishwa benchi miezi mitatu. Baadaye wanasema nafasi alipewa.

Jambo la pili, na hili ndilo linaloua vijana wengi. Kwenye hiyo mechi ya kombe kocha anaingiza wa akiba wanane kwa mpigo. Beki wa kushoto hajawahi kucheza na yule wa kati aliye pembeni yake, kiungo hajui winga anapenda mpira mguuni au mbele. Timu inacheza ovyo, kila mmoja anaonekana hafai. Ukitaka kumjua mtu wa akiba, mwingize peke yake, au wawili, katikati ya wale wanaocheza kila wiki. Hapo akikosea utajua kosa ni lake.

La tatu ni nafasi. Nilikuwa na kijana, kiungo mkabaji, anakata mipira vizuri sana. Tulipokosa beki wa kulia nikamweka pale kwa sababu ana mbio. Akapitwa, akapitwa tena, watu wakaanza kupiga kelele kila anapogusa mpira. Mama yake alikuwa amekuja kumwangalia siku ile, amesimama pale pembeni na khanga yake, nikamwona anaondoka kabla ya mapumziko. Kijana huyo nilipomrudisha kati hakuna aliyempita kirahisi. Wachezaji tunaowaita viraka wanaumia sana kwa hili. Anacheza namba nne ambazo si zake, na mwisho wa msimu anahukumiwa kwa zote nne.

Kwenye suala la fedha namuunga mkono Sangara, mishahara ya klabu ndogo haina nafasi ya mzaha. Lakini kabla ya kumuuza mtu, kocha aulizwe amemchezesha wapi, mara ngapi, akiwa na nani. Akishindwa kujibu, basi hana ripoti, ana hisia tu.

Damu ya Kishamapanda

Mimi ni Toto Africans hadi kaburini, na Toto ilishuka 2017 hadi leo roho inauma. Nimeona mengi kwenye mpira wa mji huu.

Mnajadili kama vile wanaoondoka huku ni wa akiba. Wanaoondoka ni waanzaji! Angalieni Mbao FC. Msimu wa 2016/17 walipanda, wakaitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho hapahapa Kirumba, 1-0. Wakaenda Dodoma fainali na Simba, Mei 27, 2017, wakapoteza 2-1 baada ya dakika 120. Mji wote ulikuwa unaongea Mbao, hata sisi wa Toto tulishangilia. Baada ya hapo timu kubwa zikaja na hela, kikosi kile kikaanza kumeguka. Msimu wa 2019/20 Mbao wakashuka kwa mchujo mbele ya Ihefu, na Alliance nao wakashuka msimu uleule. Jiji la Mwanza likakaa bila timu yake ya Ligi Kuu hadi 2024.

Kwa hiyo swali la mji huu ni hili: waanzaji wakichukuliwa, na watachukuliwa, nani anaziba? Ni hao mnaotaka kuwatema. Mtu wa akiba huku ndiye mwanzaji wa msimu ujao. Ukimtema yeye Juni, na Simba au Yanga au Azam wakamchukua mwanzaji Julai, Agosti unaanza ligi na watu ambao wamekutana wiki tatu zilizopita.

Na kwenye ile fainali ya Dodoma nani alitufunga la kwanza? Blagnon. Mshambuliaji wa Ivory Coast ambaye msimu ule hakuwa chaguo la kwanza Simba na mashabiki wao wenyewe walishamchoka. Dakika za nyongeza, mechi ngumu, ndiye aliyefunga. Kombe lile likawarudisha Simba kwenye mashindano ya Afrika baada ya kukosa kwa miaka kadhaa. Bao moja la mtu waliyekuwa wanataka aondoke! Mimi lile bao linaniuma hadi kesho, lakini limenifundisha kuheshimu watu wa benchi.

Binti wa Nyegezi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mimi siyo mchambuzi, ila kaka yangu ni mchezaji wa akiba kwenye timu ya daraja la chini, timu siitaji. Naomba mjue upande wa nyumbani ukoje.

Msimu uliopita alianza mechi chache mno. Mshahara ulikuwa unachelewa, mara unakuja nusu, mara hauji. Anaamka alfajiri anakwenda mazoezini kwa bodaboda ya kukopa, anarudi anakula ugali na dagaa kama wengine wote hapa nyumbani, mchezaji wa mpira wa kulipwa huyo. Siku ya kuachwa hakupigiwa simu. Picha yake ilipandishwa kwenye ukurasa wa timu, imeandikwa wanamshukuru kwa mchango wake, na rafiki yake ndiye aliyemwonyesha. Alikaa ndani siku nzima. Mama alipika sato wa nazi, chakula anachokipenda kuliko vyote, hakugusa. Nilifungua maoni chini ya ile picha nikasoma watu wanavyofurahia kuondoka kwake. Watu ambao hawajui kwamba miezi mitatu ya mwisho alicheza na goti linauma kwa sababu aliogopa akisema atapoteza hata ile nafasi ya benchi.

Baada ya hapo nikaanza kusoma kanuni, kwa sababu nilitaka kujua kama tungeweza kufanya kitu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, wasipolipa anavunja mkataba kwa sababu halali na bado anadai haki zake. Kuna nyingine inayowahusu hawa hawa tunaowajadili: mchezaji mzoefu aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu yake kwa msimu anaweza kuomba kuondoka kwa sababu za kimichezo, ndani ya siku 15 baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Sisi hatukujua. Yeye alijua tu kusaini.

Kwa hiyo mimi siombi asiuzwe mtu. Mtu akiwa hachezi, kumwachia aende kucheza kwingine ni kumsaidia. Naomba aambiwe mapema, alipwe chake, na aambiwe uso kwa uso.

Mwana Musoma

Pole sana dada, mwambie kaka yako asikate tamaa. Biashara United yetu hapa uwanja wa Karume nayo ilitupa raha na machungu, nayajua haya.

Nataka kuongeza mfano wa nje, lakini wa mtu ambaye sisi wa ziwani tuna haki ya kumwita wa kwetu. Divock Origi. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars ya Kenya kabla hajaenda kucheza Ubelgiji. Origi akiwa Liverpool alipelekwa Wolfsburg kwa mkopo msimu wa 2017/18, akarudi, nafasi hana. Mbele yake kuna Salah, Mané na Firmino. Kila mtu alijua atauzwa. Desemba 2018 akaingia dhidi ya Everton, akafunga dakika ya 96. Mei 7, 2019, Salah na Firmino majeruhi, akaanza dhidi ya Barcelona na kufunga mawili kwenye ile 4-0. Juni 1 akatokea benchi kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya pale Madrid, akafunga bao la pili dhidi ya Tottenham. Usiku ule huku Mara watu walishangilia kama kafunga mtoto wa jirani.

Angeuzwa Agosti 2018, hiyo hela ingetosha kununua nini kinacholingana na kombe lile?

Sangara wa Mwaloni

Dada wa Nyegezi, pole. Ulichosema kuhusu kuambiwa uso kwa uso nakiunga mkono kwa mikono miwili, huo ni utu na hauna mjadala.

Ila Mwana Musoma, Liverpool wana uwezo wa kumlipa Origi akae. Sisi hatuna. Tajiri akiweka mtu akiba ni mpango, maskini akiweka mtu akiba ni deni. Na deni kwenye mpira si utani, klabu za hapa nchini zimeshafungiwa na FIFA zisisajili kwa sababu ya malimbikizo ya wachezaji na makocha. Nataka mwanzisha uzi anijibu hilo: hela itatoka wapi?

Mkazi wa Mabatini

Swali zuri na nalijibu moja kwa moja.

Kwanza, punguza idadi kabla ya kusaini. Klabu inasajili watu wengi dirisha kubwa kwa presha ya mashabiki, sisi hawa hawa, halafu Desemba inaanza kuwatema. Sajili wachache, kila namba iwe na watu wawili tu, na nafasi mbili tatu zilizobaki wape vijana wa U-20 wa hapa Mwanza. Kijana wa Igoma au Butimba anakaa kwao, hapangiwi nyumba. Mpira wa mji huu umewahi kutoa watu, Mrisho Ngassa alianzia Toto kabla ya kwenda Kagera Sugar na Yanga. Tusiseme hawapo.

Pili, mikopo. Wewe unasema uza mapema kabla bei haijaisha, mimi nasema mpeleke kwa mkopo timu ya Championship, ligi yetu iliyo chini ya Ligi Kuu, ambako ataanza kila wiki. Timu inayomchukua inabeba mshahara au sehemu yake, kwa hiyo ushuru wako unapumua. Akifanya vizuri, anarudi akiwa na bei ya kweli. Akishindwa na huko, basi umempima, mwache aende na roho yako iwe safi.

Tatu, mikataba ya miaka miwili au mitatu kwa wale wadogo, na kumbukumbu zao zitunzwe vizuri. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu ya Mwanza iliyomlea kijana kuanzia miaka 16 hadi 20 ina fungu lake hapo, hata kama yeye kwao alikuwa mtu wa benchi. Lakini uthibitishe kwa karatasi za usajili. Akiondoka bure, hakuna bei, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri.

Kwenye suala la mshambuliaji niko nawe kabisa. Timu inahitaji mfungaji. Ila nataka mkae mkijua kwamba George Mpole alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2021/22 kwa mabao 17 akiwa na Geita Gold, timu ya jirani zetu iliyokuwa imepanda msimu uleule. Hakutoka Simba wala Yanga. Alipatikana kwa kupewa mechi, tena nyingi.

Damu ya Kishamapanda

Hapo kwenye kusajili kwa presha ya mashabiki umegonga penyewe. Viongozi wanaogopa kelele zetu, wanaleta majina. Kikosi kinajaa, kocha hajui amchezeshe nani, na wa kwanza kuumia ni kijana wa hapa hapa ambaye hana meneja wa kumpigia simu mwenyekiti.

Sangara, ile hesabu yako ya kuuza wanne ili kununua mmoja naipenda kwenye karatasi. Ila huyo mmoja akiumia goti Oktoba?

Sangara wa Mwaloni

Akiumia goti tumekwisha, hilo nakubali.

Basi mimi nasogea hapa: wawili wauzwe au waachwe, wale ambao kocha ana ripoti yao kama alivyosema Kocha wa Mtaa. Wengine wapelekwe mkopo. Lakini ripoti iwepo na iwekwe mezani kwa bodi. Nimechoka kusikia "kiwango kimeshuka" bila mtu kuonyesha kilishuka kutoka wapi kwenda wapi. Na msimamo wangu wa kuuza mapema bado ninao kwa mchezaji aliyepita miaka 28 na hachezi. Huyo hana muda wa kungoja, na klabu haina pia.

Kocha wa Mtaa

Kwa umri huo nakubali. Isipokuwa kipa. Kipa wa miaka 30 wa akiba anayefundisha yule wa miaka 20 pale mazoezini ana thamani kubwa hata asipocheza.

Binti wa Nyegezi

Naomba kuuliza kabla uzi haujapoa. Kaka amepata timu nyingine, wamesaini, ila wameshamwambia kwamba dirisha dogo anaweza kupelekwa mkopo timu ya Championship. Yeye anaogopa, anasema mkopo ni njia ya kutupwa. Mimi baada ya kuwasoma hapa naona kama ni nafasi. Aulize nini kabla hajakubali?

Kocha wa Mtaa

Akubali, ila kwa maandishi. Aulize mshahara unalipwa na nani, klabu mama au ile inayomchukua, na ikichelewa anamdai nani. Hili liandikwe kwa jina la klabu na tarehe ya mwezi, yasiwe maneno ya simu. Aulize akiumia huko nani anagharamia matibabu, na kwa lile goti lake apimwe kabla ya kuondoka, majibu ya daktari abaki na nakala. Aulize kama klabu mama inaweza kumrudisha katikati ya msimu, kwa sababu akianza kung'ara wanaweza kumrudisha na kumkalisha tena benchi.

Na kabla ya yote hayo, ampigie kocha wa timu anayokwenda. Asiongee na kiongozi, aongee na kocha mwenyewe. Amuulize anamtaka acheze namba gani, na nani anacheza namba hiyo sasa hivi. Kocha akimjibu kwa kutaja namba na kueleza anataka afanye nini, aende. Akisema "njoo tu tutaona", akatae, atafute timu nyingine kabla dirisha halijafungwa.